Fundi, Usinifomatie Kompyuta!

Wadau, hapa Migori na kule Homa Bay, mpelekee fundi laptop inayojikokota uone. Jibu ni moja tu: "Tupige Windows upya." Mimi napinga. Mwalimu mmoja ninayemfahamu alirudishiwa mashine safi kabisa, alama za wanafunzi za mihula mitatu zikiwa zimefutika.

Mara nyingi mgonjwa ni diski kuu ya zamani, ile yenye sahani zinazozunguka. Nunua SSD na waya wa kuunganisha SATA na USB, kisha unakili diski nzima, programu endeshi pamoja na faili zote, kwa Clonezilla. Programu hiyo ni ya bure, imetengenezwa Taiwan. Ukipiga Windows upya utapakua tena gigabaiti kadhaa za masasisho, na sisi wa bando za simu tunajua uchungu wake. (Betri ijae kwanza, stima ya huku mnaijua.)

Diski mpya iwe na ukubwa sawa na ya zamani au izidi. Ikipungua hata kidogo, Clonezilla kwa kawaida hukataa. Ukimaliza, chomoa ya zamani kabla ya kuwasha, kwa sababu sasa zote mbili zina kitambulisho kimoja na mashine inaweza kuchanganyikiwa.

Kama diski tayari inalia tik-tik, achana na Clonezilla. Tumia ddrescue, ambayo huokoa kwanza sehemu zinazosomeka. Na ile diski ya zamani usiifute, iweke kabatini.