VIJANA WASIUZWE KWA JINA LA MCHEZO

Gairo ni mji ulio kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, na wasafiri wengi huujua kwa viazi vitamu vinavyouzwa hapo. Tangu mwaka 2012 mji huo ni makao makuu ya wilaya iliyomegwa kutoka Kilosa. Hivi karibuni, tulipokuwa huko kwa shughuli za Chama, tulikuta mezani kwa kiongozi wa eneo ombi lisilo la kawaida. Kijana mmoja alitaka barua ya utambulisho ili apate pasipoti. Alikuwa amekwisha kuomba nafasi katika nyumba moja ya ng'ambo, ambamo vijana hulala, hula na kufanya mazoezi ya michezo ya kompyuta kwa ajili ya mashindano ya fedha.

Waliokuwapo waligawanyika. Wengine walicheka, wakasema kwamba mtoto wa mkulima haachi jembe akaenda kucheza. Wengine walisema apewe barua yake haraka, kwani riziki haina mlango mmoja. Ombi la namna hiyo laweza kumfikia sheha yeyote wa Unguja au Pemba kesho asubuhi. Kwa sababu hiyo tumeona hapana budi kulitolea maoni.

Kwanza, waliocheka walikosea. Mchezo wa akili si jambo la kigeni kwetu. Bao la mashimo 32 na kete 64 limewapa heshima mafundi wengi wa Visiwani, na hakuna mtu mzima anayesema kwamba fundi wa bao ni mvivu. Wala kambi si jambo la ajabu. Simba na Yanga zimepiga kambi Unguja na Pemba mara nyingi kabla ya kupambana, na wananchi wameona kwamba mchezaji hapati ushindi kwa kulala kwake na kuja uwanjani siku ya mechi. Tarehe 2 Februari 1974, Ndugu Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch, nani alithubutu kusema kwamba kukimbia si kazi?

Nyumba hizo zipo kweli. Zilishamiri Korea Kusini baada ya mwaka 1998, ulipotoka mchezo uitwao StarCraft na vijana wa nchi hiyo wakajaa katika vibanda vya kukodisha kompyuta. Mwaka 2000 kiliundwa chama cha kusimamia mashindano, na makampuni makubwa ya simu yakaanza kugharimia timu. Ili wachezaji wawe pamoja na kocha wao, waliwekwa katika nyumba moja yenye vitanda, mpishi na chumba cha kompyuta. Mazoezi huchukua saa 10 hata 12 kwa siku, na pengine zaidi. Kutokana na utaratibu huo ametoka Lee Sang-hyeok, ajulikanaye kwa jina la Faker, ambaye mwaka 2013 aliacha shule ya sekondari, akajiunga na timu, na mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia wa mchezo wa League of Legends. Mwaka 2023 alikuwa katika kikosi cha taifa lake kilichopata medali ya dhahabu katika Michezo ya Asia mjini Hangzhou.

Lakini kila jambo lina pande mbili, na kiongozi anayetazama upande mmoja huwapotosha anaowaongoza. Jina la bingwa hutangazwa, bali majina ya walioshindwa, wakarudi makwao bila cheti cha shule wala ujuzi mwingine, hayatangazwi. Shirika la Afya Duniani limeuingiza ulevi wa michezo hiyo katika orodha yake ya maradhi, na orodha hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Korea yenyewe iliwahi kutunga sheria mwaka 2011 ya kuwazuia watoto wa chini ya miaka 16 kucheza kuanzia saa sita za usiku hadi saa kumi na mbili za asubuhi. Sheria hiyo ilikoma kutumika mwaka 2022, lakini kutungwa kwake kwaonyesha jinsi hata wenye mchezo wao walivyoingiwa na hofu.

Jambo zito zaidi ni mikataba. Mwaka 2019 ilizuka kashfa huko huko Korea, ilipofahamika kwamba mchezaji aliyekuwa bado hajatimiza umri wa utu uzima alisukumwa kukubali mkataba wa miaka mingi wa kuhamia timu ya China. Wananchi walikasirika, na mwaka uliofuata sheria ilirekebishwa ili kuwe na mkataba wa mfano wa kumlinda mchezaji. Ikiwa katika nchi yenye chama cha kusimamia mashindano, magazeti na mawakili kijana aliweza kubanwa hivyo, je, kijana wetu aliyepelekwa ugenini, asiyejua lugha ya mkataba wake, atalindwa na nani?

Tena si kila nyumba inayojiita ya kompyuta ni ya mchezo. Tangu mwaka 2022 serikali ya Kenya imelazimika kuwaokoa raia wake walioahidiwa kazi nzuri Thailand, kisha wakavushwa mpaka kwa siri na kufungiwa Myanmar, ambako walilazimishwa kuwatapeli watu kwa njia ya intaneti. Mwezi Februari 2025 maelfu ya watu walitolewa katika majumba ya aina hiyo karibu na mji wa Myawaddy, wakiwamo Waafrika wa Mashariki. Wengi wao walikuwa wameomba kazi wenyewe, kwa hiari yao, kama alivyoomba kijana wa Gairo. Nao pia waliahidiwa kitanda, chakula, kompyuta na mshahara. Mlanguzi wa watu hamwendei kijana na pingu mkononi. Humwendea na habari njema.

Kwa hiyo tunawaambia viongozi wenzetu, kuanzia sheha na mtendaji wa kata hadi maofisa wa uhamiaji na kazi, kwamba muhuri wa serikali si pambo la karatasi. Kabla ya kuupiga waulize maswali machache. Mkataba uko wapi, na umeandikwa kwa lugha gani? Nani analipa nauli ya kwenda, na nani atalipa ya kurudi kijana akishindwa? Pasipoti itakaa mkononi mwa nani? Zawadi ya ushindi itagawanywaje? Je, mwombaji ametimiza miaka 18? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwa upande wa Bara, na ile ya Zanzibar ya mwaka 2011, hazikuandikwa ili zifungiwe kabatini. Kadhalika ipo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008.

Waliosoma chuoni wanakumbuka kwamba Qur'ani imetuamrisha kuandika mapatano ya deni la muda na kuyawekea mashahidi. Wahenga nao walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali ndiyo hiyo, sembuse mtoto wa mtu?

Hata hivyo, kuuliza maswali peke yake hakutoshi, kwani kijana aliyefungiwa mlango wa mbele hutafuta wa nyuma. Yatupasa kujiuliza kwa nini anataka kwenda mbali. Sababu moja ni kwamba mitambo inayoendesha michezo hii kwa kawaida imewekwa mbali na kwetu, na mchezaji wa Gairo au Wete huchelewa kumjibu mpinzani kabla hajakosea lolote. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, wananchi walionja jinsi tunavyotegemea njia chache. Sababu nyingine ni kwamba hapa nyumbani hana pa kujifunzia.

Lakini Mkenya Sylvia Gathoni alisajiliwa na timu ya Marekani mwaka 2018 kwa ustadi wake wa mchezo wa Tekken, huku akiendelea kusoma sheria kwao Kenya. Hakulazimika kuchagua kati ya mchezo na elimu. Tunashauri Baraza la Michezo la Taifa na Baraza la Taifa la Michezo Zanzibar washirikiane na wizara za elimu, ili vyumba vya kompyuta vilivyopo mashuleni vifunguliwe baada ya masomo, chini ya mwalimu, kwa saa zinazojulikana. Kijana atakayejifunza hapo, hata asipokuwa bingwa, atatoka na ujuzi wa kompyuta. Hiyo ndiyo kujitegemea.

Ama kijana wa Gairo, alipoulizwa mkataba wake uko wapi, alitoa simu na kuonyesha ujumbe wa mistari michache, usio na anwani wala jina kamili la mtu. Hakunyimwa barua wala hakuchekwa tena. Aliambiwa awaandikie wenye nyumba yao, wamletee mkataba, naye arudi nao pamoja na mzazi wake. Ikiwa wenye nyumba hiyo ni watu wa haki, kuandika karatasi mbili hakutawashinda. Wakikaa kimya, kimya hicho kitakuwa jibu tosha, naye atakuwa amelipata akiwa bado kwao.