Kupanga Sentensi Si Bahati Nasibu

Wasomaji wangu, leo naweka kando mambo ya simu na seva. Nataka tuzungumzie zoezi moja linalowanyima usingizi vijana wengi huko India: kupanga sentensi zilizovurugwa. Unapewa sentensi tano au sita, kila moja ina herufi yake, zimechanganywa kama karata. Kazi yako ni kuzirudisha katika mpangilio wake ili ziwe aya moja yenye maana. Huko huitwa "para jumbles", na hutokea katika sehemu ya Kiingereza ya mitihani ya kuajiriwa benki.

Utaniuliza, mtengeneza programu wa Nairobi anatafuta nini huko? Mambo mawili. Kwanza, sisi tuliofanya KCPE (mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho 2023) tunalijua zoezi hili. Karatasi ya Kiingereza ilikuwa nalo: chagua mpangilio bora wa sentensi hizi. Pili, hili ni tatizo la sayansi ya kompyuta kabisa, na naona sisi tunaotengeneza programu za mazoezi tunalifundisha vibaya. Hayo ndiyo maoni yangu, na nitayatetea.

Tuanze na uzito wa jambo lenyewe. Benki nyingi za serikali huko India huajiri kupitia taasisi iitwayo IBPS, yenye makao yake Mumbai. Tangu 2011 taasisi hiyo imekuwa ikiendesha mtihani mmoja wa pamoja kwa benki nyingi. State Bank of India, iliyo kubwa kuliko zote, ina mtihani wake. Katika hatua ya kwanza ya mtihani wa IBPS wa maafisa, sehemu ya Kiingereza ina maswali 30 na dakika 20. Piga hesabu: sekunde 40 kwa kila swali. Ukikosea, unakatwa robo ya alama za swali hilo. Na lazima ufikie alama ya chini iliyowekwa kwa kila sehemu, kwa hiyo hata ukiwa bingwa wa hesabu, Kiingereza kinaweza kukufungia mlango peke yake.

Serikali yao imelegeza kamba kiasi. Mwaka 2021 wizara ya fedha ilipendekeza mitihani ya makarani wa benki za umma ifanywe kwa lugha 13 za majimbo pamoja na Kihindi na Kiingereza. Ni hatua nzuri. Lakini sehemu ya Kiingereza inabaki kuwa ya Kiingereza, lugha yoyote uliyochagua kwa sehemu nyingine. Kijana aliyesoma kwa Kimarathi au Kitamil tangu darasa la kwanza anapita kwenye tundu la sindano hapo. Nyuma yake kuna wazazi waliouza kitu ili alipe ada ya masomo ya ziada. Sidhani sisi Wakenya tunahitaji kuelezwa jambo hilo mara mbili.

Sasa hesabu. Sentensi nne zinaweza kupangwa kwa njia 24. Tano, njia 120. Sita, njia 720. Hakuna binadamu atakayejaribu njia 720 kwa sekunde 40. Kwa hiyo watu wamebuni ujanja: usisome aya, soma majibu uliyopewa. Ona herufi ipi inaanza mara nyingi katika majibu hayo, futa mawili yanayoonekana ya kipumbavu, halafu bahatisha kati ya yaliyobaki.

Ujanja huo una mantiki, nakubali. Swali likiwa na majibu matano na adhabu ya robo, anayebahatisha kipofu anapata sifuri kwa wastani: anashinda alama moja mara moja kati ya tano, na anapoteza robo mara nne. Inakwenda sare. Lakini akifuta majibu mawili mabaya na kubahatisha kati ya matatu, wastani unapanda hadi moja ya sita ya alama. Si nyingi, ila katika mtihani ambao watu hupishana kwa nukta, ni kitu.

Tatizo ni kwamba ujanja huu unafundisha kusoma majibu badala ya kusoma aya. Siku mtungaji akibadilisha umbo la swali, ujanja unakufa. Na wanabadilisha kweli. Siku hizi kuna maswali ya kutafuta sentensi isiyohusika na aya, maswali ambayo sentensi moja imefungwa mahali pake nawe upange nyingine kuizunguka, na maswali ya kupanga vipande vya sentensi moja. CAT, mtihani wa kuingia vyuo vya biashara vya huko, tangu 2015 una maswali ambayo hayana majibu ya kuchagua kabisa: unaandika mpangilio wewe mwenyewe. Hapo mjanja wa kufuta majibu anafuta nini?

Tuangalie zoezi lenyewe linavyofanya kazi. Nimetunga mfano kwa Kiswahili ili tusikwame kwenye Kiingereza:

A. Hatua hizo mbili ziliongeza matawi vijijini, ambako benki zilikuwa chache.
B. Tarehe 19 Julai 1969, serikali ya India ilitaifisha benki 14 kubwa.
C. Hata hivyo, tawi peke yake halimsaidii mkulima asiyeweza kusoma fomu.
D. Miaka 11 baadaye, nyingine 6 zikafuata.
E. Huyo anamhitaji karani anayezungumza lugha yake.

Usibahatishe. Tafuta kamba. D inasema "nyingine 6", kwa hiyo lazima kuna benki zilizotajwa kabla yake, na "baadaye" inadai tarehe. Tarehe iko B. Basi B kabla ya D. A inasema "hatua hizo mbili". Mbili! Moja ni B na ya pili ni D, kwa hiyo A haiwezi kuja mpaka zote zipite. C inapinga kitu kuhusu tawi, na matawi yametajwa A. E inasema "huyo", na mtu pekee aliyetajwa ni mkulima wa C. Jibu ni B, D, A, C, E, na hukuangalia jibu lolote la kuchagua. (Habari yenyewe ni ya kweli. Benki 6 zilifuata mwaka 1980.)

Wenzangu wa kompyuta wameshatambua mdudu huyu. Kila sentensi ni nukta, kila kamba ni mshale kutoka nukta moja hadi nyingine, na tunachofanya ni upangaji wa kitopolojia. Arthur Kahn alichapisha njia yake mwaka 1962: chukua nukta isiyo na mshale unaoingia, iweke kwanza, ifute pamoja na mishale yake, rudia. Ndiyo njia ileile inayotumika kompyuta inapoamua programu ipi isakinishwe kwanza kwa kuwa nyingine zinaitegemea. Na ndivyo msomaji mzuri anavyofanya kichwani: "Sentensi ipi haimtegemei mtu? Hiyo ndiyo ya kwanza."

Ona pia jinsi kamba zinavyokula zile njia 720. Ukishika jozi moja ya sentensi sita ambayo lazima ifuatane, unabaki na njia 120. Ukishika jozi ya pili, 24. Ukijua sentensi ya kuanzia, iliyo nje ya jozi hizo, zimebaki 6. Mambo matatu tu uliyoyaona, na mlima umekuwa kichuguu. Kwa hiyo anayeniambia "hakuna muda wa kusoma, ni sekunde 40" namjibu kwamba kutafuta kamba ndiyo njia ya haraka, ila inahitaji kuzoewa. Kuendesha baiskeli nako mwanzoni ni polepole kuliko kutembea.

Kamba za Kiingereza ni zipi? Halliday na Hasan waliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1976, lakini mwanafunzi hahitaji kitabu kizima. Viwakilishi kama "he" na "this" vinadai mtu au kitu kilichotajwa. Viunganishi kama "however" na "therefore" vinadai hoja iliyotangulia. Jina kamili la mtu au taasisi huja kabla ya ufupisho wake. Na kuna vidudu viwili vidogo, "a" na "the". Kitu kikiingia mara ya kwanza huvaa "a", na kikirudi huvaa "the". Sentensi yenye "a committee" kwa kawaida hutangulia yenye "the committee".

Hapo ndipo watu ambao lugha zao hazina vidudu hivyo huteleza. Kihindi hakina "the". Kiswahili pia hakina. Lakini sisi tuna silaha yetu: huyo, hiyo, hicho, hayo. Ile "o" ya mwisho ni ya kitu ambacho tayari tumekizungumzia. Hakuna anayeanza hadithi kwa "mzee huyo alikasirika" bila wewe kuuliza "mzee gani?" Ukiuliza swali hilo hilo kila unapoona "the", umeanza kusoma Kiingereza kama mtu anayeandika na si kama mtu anayekariri. Kumwambia mwanafunzi aliyesoma kwa lugha ya mama kwamba hajui mpangilio wa mawazo ni kumkosea heshima. Anaujua sana, ila anaujua kwa alama nyingine.

Sasa nije kwetu, watengenezaji. Fungua programu nyingi za mazoezi ya mitihani hii na utaona mambo yaleyale: swali, saa inayohesabu kurudi nyuma, rangi ya kijani au nyekundu, swali lingine. Mtu anafanya maswali mia kwa siku na haelezwi hata mara moja ni kamba gani aliikosa. Huko ni kupima homa mara mia bila kutoa dawa.

Kuna ubaya mwingine uliojificha kwenye utoaji alama. Umbo la zamani la swali hili huuliza: sentensi ya kwanza ni ipi? Ya pili? Ya tatu? Chukua aya ambayo jibu lake ni A, B, C, D, E. Mwanafunzi akaandika E, A, B, C, D. Ukisahihisha nafasi kwa nafasi, amekosa zote tano. Sifuri, na bado anakatwa robo mara tano. Lakini angalia tena: kati ya miungano minne ya aya, A na B, B na C, C na D, D na E, ameona mitatu. Kosa lake ni moja tu, amechukua hitimisho akaliweka mwanzoni. Mtihani hauwezi kumhurumia, huo ni mtihani. Programu ya mazoezi inaweza, na ni wajibu wake. Hesabu ya kupima hilo ipo tangu Maurice Kendall aliposhapisha kipimo chake mwaka 1938: linganisha kila jozi ya sentensi, hesabu zilizo katika mfuatano sahihi. Sentensi tano zina jozi 10, na huyu kijana amepata 6. Mwambie: "Umepata 6 kati ya 10, miungano mitatu iko sawa, tatizo lako ni sentensi E, soma tena neno lake la kwanza." Hiyo ni mistari michache tu ya msimbo. Mtu aliyeambiwa hivyo ana la kufanya kesho, ila aliyeonyeshwa sifuri nyekundu anaweza kuamini kwamba hana akili.

Jambo la mwisho kwa watengenezaji: msichukue aya yoyote mkaivuruga kisha mkaiita swali. Mpangilio huwa mmoja tu pale kila sentensi inapofungwa na ile inayoifuata. Kamba ikikosekana katikati, kuna majibu mawili sahihi, na programu yako inamwadhibu mtu kwa jibu zuri. Chora mishale kabla ya kuchapisha. Kompyuta ikipata mipangilio miwili, tupa swali hilo.

Na wewe unayejiandaa, iwe ni kwa benki ya Mumbai au kwa mtihani mwingine wowote, fanya hivi. Funika majibu kwa kiganja. Tafuta sentensi isiyomtegemea mtu. Kwa kila nyingine, andika kwa neno moja inamdai nani. Wiki mbili za kwanza usiangalie saa kabisa. Ukimaliza maswali, chukua tahariri ya gazeti, kata aya moja vipande, viweke kwenye bahasha, vipange kesho yake ukiwa umesahau. Maswali kumi ya namna hiyo kwa siku yanatosha. Saa utaiwasha baadaye, na utashangaa macho yanavyoruka yenyewe kutoka "this" hadi kwenye kile inachokidai.

Afisa wa benki atasoma waraka, atasoma barua ya mteja mwenye malalamiko yasiyo na mpangilio, na itabidi aone kipi kilitangulia kipi. Hiyo ndiyo kazi. Mwenye ujanja wa kufuta majibu anaweza kuipata kazi hiyo, lakini barua ya mteja haiji na majibu matano ya kuchagua.