Mashini moja, mifumo miwili



Wengi munauliza: ordinateri yetu ya zamani iko na Windows 10, na Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Tuitupe? Hapana. Mashini moja inaweza kubeba mifumo miwili. Windows ibaki kwa programu zenu za zamani, na kando yake muweke Linux, sawa vile Ubuntu, kwa kazi za intaneti. Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Ubuntu hailipishwi: mmoja akiipata kule Kasongo, wengine wanakili kwake, sheria yake inaruhusu. Jina lenyewe ni la Kizulu, ndugu ya neno letu «utu».

Kazi ni hii. Ndani ya Windows, punguza sehemu yake ya diski, uache nafasi tupu ya giga 30 hivi. Washa mashini kwa flashi yenye Ubuntu. Ikikuuliza, chagua kuiweka kando ya Windows. Usikubali kufuta diski yote! Kisha, kila ukiwasha, orodha itatokea, nawe utachagua mfumo.

Lakini mbele ya yote, nakili vitu vyenu kwa flashi nyingine, na batri ijae. Umeme ukikatika wakati diski inagawanywa, pointi za wanafunzi na picha za arusi zinaweza kupotea. Mfumo unawekwa tena hata mara kumi. Picha ya marehemu baba, ikipotea, hairudi.