Leso ya Kwenda Kaptagat

Binti wa ndugu yangu anasomesha Kaptagat, karibu na Eldoret, kwenye msitu na baridi ya mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Jirani yake, mama wa Kikalenjin, humpelekea mursik, maziwa ya mgando yanayohifadhiwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Juzi akanipigia simu: "Shangazi, nimlipe nini?"

Leso, nikamjibu papo hapo. Dukani nikachagua doti ya rangi za kupendeza, na kabla ya kulipa nikasoma jina lake. Lahaula! Lilikuwa kijembe kitupu. Mama yule asoma Kiswahili kama mimi na wewe; angeikunjua mbele ya wanawe, na ujirani mwema ukaingia doa. Nikairudisha, nikatafuta yenye jina la dua njema. Tena leso ni nyepesi kwa baridi ile, basi nikaongeza shali ya sufu, na iliki ya chai yao ya maziwa.

Mzigo umepanda basi jana usiku. Kibuyu alikwisha kukirudisha kitupu, na kwa hilo nimemgombeza.