TAIFA LILILOSUBIRI KATIBA: SOMO LA MIAKA 1964 HADI 1977



Kila tarehe 26 Aprili tunaadhimisha kuzaliwa kwa Muungano. Hotuba husifu udugu wa Tanganyika na Zanzibar, na ni haki kuusifu. Lakini ipo ahadi moja ya mwaka 1964 isiyotajwa katika hotuba hizo. Taifa letu lilikaa miaka 13 bila Katiba liliyoahidiwa, na gharama ya kusubiri huko ililipwa na wananchi.

Makubaliano ya Muungano, yaliyotiwa saini na Mwalimu Nyerere na Mzee Karume tarehe 22 Aprili 1964, yalisema wazi kwamba katika muda wa mwaka mmoja ingeteuliwa Tume ya kupendekeza Katiba, na lingeitishwa Bunge la Katiba. Kabla mwaka huo haujaisha, Bunge lilitunga sheria ya kuahirisha kazi hiyo hadi wakati ambao ungeonekana kuwa unafaa. Nani angeamua kwamba wakati unafaa? Watawala wenyewe. Wakati huo ukafika mwaka 1977.

Ni udhaifu gani uliotokana na hali hiyo?

Kwanza, mamlaka hayakuwa na mipaka ya kutosha. Katiba ya Muda ya mwaka 1965 iliruhusu chama kimoja tu kila upande, TANU Bara na Afro-Shirazi Zanzibar, na katiba ya TANU ikaambatanishwa nayo. Haki za binadamu ziliwekwa katika utangulizi tu, pasipo raia kuweza kuzidai mahakamani. Iliundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ili ipokee malalamiko, lakini taarifa zake zilikwenda kwa Rais, nayo haikuwa na uwezo wa kutoa amri. Wakati huohuo Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962 ilimruhusu Rais kumfungia mtu bila kumfikisha mbele ya hakimu. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi waliwekwa kizuizini, na vyama vyao vikavunjwa.

Pili, ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa katika hali mbaya zaidi. Katiba ya uhuru wa Desemba 1963 ilifutwa na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Tangu hapo Baraza la Mapinduzi lilitunga sheria na kuzitekeleza lenyewe, hadi ilipopatikana Katiba ya mwaka 1979. Abdulla Kassim Hanga na Othman Shariff, viongozi waliowahi kushika madaraka makubwa, walirudishwa Zanzibar mwaka 1969 na kuuawa. Ikiwa wakubwa walikosa kinga ya sheria, mvuvi na mkulima wangeipata wapi?

Tatu, Muungano wenyewe ulidhoofika. Mwaka 1964 mambo ya Muungano yalikuwa 11. Sarafu iliongezwa mwaka 1965, na mafuta mwaka 1968, wananchi wasiulizwe. Leo orodha ina mambo 22. Manung'uniko tunayoyasikia kuhusu Muungano si chuki tu ya wachache. Mengi yana mizizi katika miaka ile ambayo jukwaa la kuyazungumza lilifungwa.

Nne, ardhi. Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Mamilioni walihamishwa, wengine kwa nguvu, na mashamba yao wakapewa wengine. Wazee wetu wengi waliohamia Bunju, Boko na Mabwepande kutoka mikoani wanayakumbuka hayo. Hapakuwa na hati ya haki ambayo wangeweza kuishika mbele ya mahakama.

Wapo wanaojibu kwamba nchi ilikuwa changa na maskini, na umoja ulitakiwa kwanza. Hoja hiyo tunaiheshimu. Ni kweli kwamba Tanzania iliepuka vita vya ndani vilivyowaangamiza majirani. Lakini hatari haiondoi haja ya sheria. Wakati wa hatari ndipo mnyonge anapohitaji zaidi kujua ni nini serikali haiwezi kumtenda. Na kama uchanga ndio uliokuwa sababu, basi mwaka 1977 tungepewa nafasi kamili ya kujadili. Haikuwa hivyo. Watu 20 waliotayarisha katiba ya CCM ndio waliotakiwa kupendekeza na Katiba ya nchi, na Bunge la Katiba lililoteuliwa na Rais likaipitisha tarehe 25 Aprili 1977. Haki za binadamu zilisubiri hadi marekebisho ya mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzisimamia mwaka 1988.

Tazameni tofauti iliyoletwa na maandishi hayo. Wakulima wawili wa Mbulumbulu, baba na mwanawe, walikuwa wakidai ardhi yao ya mila iliyochukuliwa wakati wa kuundwa kwa vijiji. Mwaka 1992 ilitungwa sheria ya kufuta haki kama zao na kuzizuia mahakama zisisikilize mashauri hayo. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba haki ya ardhi ya mila ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, wala mtu hanyang'anywi bila fidia ya haki. Miaka 20 kabla ya hapo wasingekuwa na ibara ya kuitaja.

Ndugu waumini, kuahirisha hakujakoma. Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa na Bunge Maalum tarehe 2 Oktoba 2014. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa. Kwa mara nyingine tuliambiwa tusubiri wakati unaofaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi yatupasa kutenda. Kila jumuiya iwe na nakala ya Katiba, isomwe ibara kwa ibara, kuanzia ya 12 hadi ya 29. Alama ya X inapochorwa ukutani mwa jirani, tuulize kwa sheria ipi na kwa fidia ipi. Kila mgombea anayekuja kuomba kura Bunju aulizwe hadharani: Katiba mpya lini, na nani ataiandika? Atakayejibu kwamba wakati bado, atutajie tarehe.