Majira Hayaonekani kwa Ziara ya Siku Moja

Shule inapowapeleka wanafunzi katika hifadhi ya wanyama, aghalabu safari huwa moja kwa mwaka, nayo huishia kwenye orodha ya wanyama walioonekana. Orodha hiyo ina faida yake, lakini haifundishi majira. Majira ni mabadiliko, na mabadiliko hayatambuliki ila kwa kulinganisha siku moja na nyingine.

Vitabu vilivyotungwa Ulaya hueleza kwamba wanyama hutambua majira kwa urefu wa mchana. Kwa huko ni sahihi: mjini London mchana wa Juni huuzidi wa Desemba kwa karibu saa 9. Mjini Shinyanga, karibu nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, tofauti hiyo haifiki nusu saa. Hapa kiongozi mkuu wa majira ni mvua, ambayo kwa kawaida huanza Oktoba au Novemba na kukoma Mei. Inaponyesha, nyasi huchipua, wadudu huongezeka, na korongo weupe waliotoka Ulaya huja kula nzige na viwavijeshi.

Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, mkoani Geita, iliyoanzishwa mwaka 1977, ina fundisho kubwa. Kati ya miaka 1966 na 1969 sokwe 17 kutoka Ulaya waliachiwa kisiwani humo. Walikuwa wamezoea kuletewa chakula na binadamu. Sasa iliwabidi wajue wenyewe mti upi huzaa matunda, na wakati gani. Walijifunza, wakazaliana, na wazao wao wangalipo. Ikiwa sokwe mgeni aliweza kuijua kalenda ya msitu, mwanafunzi mzaliwa wa Geita hana udhuru.

Nauli ya kwenda Rubondo mara kwa mara ni kikwazo cha kweli. Lakini uchunguzi waweza kuanzia karibu na shule. Wasukuma wana ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kwa mifugo wakati wa kiangazi. Nyingi zilifufuliwa na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986. Wanafunzi na wapite humo kila juma, kwa njia ileile na saa ileile, wakihesabu ndege na wanyama, na kuandika hata siku wasipoona kitu. Kando ya hesabu hiyo waandike kiasi cha mvua kilichopimwa shuleni. Ziara ya hifadhini ikipatikana, iwe Agosti na irudiwe Machi.

Huenda mwalimu akasema kuwa mtihani hauulizi mambo hayo. Lakini wakulima wa mikoa hii wanauliza kila mwaka iwapo mvua zimebadilika, na kumbukumbu ya mzee peke yake haitoshi kuwajibu. Daftari lililojazwa kwa uaminifu miaka 10, likirithishwa kidato hadi kidato, litakuwa na la kuwaambia.