Rangi ya Manjano Haishiki Gurudumu

Marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2016 yaliagiza magari ya shule yapakwe rangi ya manjano. Lilikuwa jambo jema. Hata hivyo, hapa Machakos, ambako shule kadhaa husafirisha wanafunzi kwa vani kuukuu, sina budi kuuliza: ni nani anayetazama chini ya rangi hiyo?

Barabara za changarawe za Mwala, Kathiani na vilima vya Iveti hazina huruma. Kila shimo huchosha shokomzoba, hulegeza bushi na kula boljointi, kile kifundo cha chuma kinachoshikilia gurudumu la mbele. Tairodi nayo, ambayo hufikisha amri ya usukani kwenye gurudumu, huchakaa nchani. Boljointi ikichomoka, gurudumu hukunjika na hata dereva hodari hana la kufanya. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Siwalaumu mafundi wa jua kali. Aghalabu kosa ni la mwenye gari anayetaka afungiwe kipuri kilichokwisha kutumika, au kifundo kilicholegea kishindiliwe kipande cha mpira kisigonge. Kelele hunyamaza, hatari haiondoki. Shokomzoba za mbele, au za nyuma, hubadilishwa zote mbili kwa pamoja. Mpya ikiwekwa sambamba na iliyochoka, gari huyumba. Vilevile, tairodi ikibadilishwa, sharti magurudumu yalinganishwe upya, la sivyo tairi huliwa upande mmoja na usukani huvuta.

Wapo watakaosema kwamba shule hazina fedha, na kwamba serikali hukagua magari kila mwaka. Hoja ya fedha naielewa, kwani karo huchelewa na mishahara haingoji. Lakini anayeahirisha tairodi leo atanunua tairi kesho, iwapo Mungu atamnusuru na ajali. Ama ukaguzi, huo ni wa siku moja. Siku zilizosalia gari limo mashimoni.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila shule iwe na daftari la gari, na kila kipuri kilichotolewa kiletwe kwa mwalimu mkuu akione kwa macho yake kabla fundi hajalipwa. Pili, walimu wa fizikia wawaonyeshe wanafunzi somo hili mbele ya fundi. Gari likiisha kuinuliwa kwa jeki na kuegemezwa imara, gurudumu la mbele litikiswe. Likicheza kushoto na kulia, tairodi ishukiwe. Likicheza juu na chini, ishukiwe boljointi au beringi.

Nanyi wanafunzi, mkisikia gari likigonga chini kila linapoingia shimoni, msione haya kumwarifu mwalimu. Wazazi nao, wanapofika shuleni kuuliza alama za mtihani, waombe pia kuonyeshwa daftari hilo.